Kinga Aliyoitoa Mikidadi

Mikidadi alizaliwa mjini, mtaa wa Mwembesongo, akakulia hapo hapo, na mpaka anafikisha miaka thelathini na tisa hakuwa amefanya kazi nyingine ya maana zaidi ya kufyeka. Alianza ujanani na fyekeo la mkono, kwenye mitaro na pembezoni mwa barabara, mgongo umepinda tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Kisha Salehe, bwana mmoja aliyekuwa na tenda za usafi wa viwanja na nyua za maofisi, akanunua mashine za kufyekea za petroli, zile za kuning'iniza begani kwa mkanda, zenye bomba refu na kisahani kinachozunguka mbele. Ya kwanza akampa Mikidadi. Tangu hapo eneo lililokuwa likimla siku tatu alilimaliza kabla ya adhuhuri, na watu wa mtaani wakaanza kumwita Mikidadi Mashine. Jina alilipenda. Yasmin, mkewe, anasema alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Yaliyomkuta yalimkuta mwezi wa nne, katikati ya masika, kwenye uwanja wa hosteli moja iliyo kando ya njia ya watu waendao sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Majani yalikuwa mabichi, mazito, na kila baada ya hatua chache yaliganda chini ya kinga ya mashine mpaka kisahani kikaanza kulalamika. Kinga yenyewe ni kipande cha plastiki ngumu nyeusi, kimekaa kama nusu ya sahani, kinafunika kisahani upande wa mfyekaji ili kinachorushwa kisije nyuma. Majani yakiganda, unazima mashine, unasubiri kisahani kisimame, unayakwangua kwa kijiti, unawasha tena. Mikidadi alifanya hivyo mara tano, sita. Mara ya saba akachukua spana, akaifungua kinga, akaitia kwenye begi.

Kazi ikaenda vizuri. Uwanja ule aliufahamu, alikuwa ameufyeka mwaka mzima, kwa hiyo asubuhi ile hakuzunguka kuangalia kilichokuwamo majanini. Hakujua kwamba wiki iliyopita mafundi walikuwa wamevunja nguzo ya uzio, na vipande vya zege vimetawanyika. Masikioni alikuwa amejaza pamba. Nyuma yake ilikuwa njia. Alisikia kitu kikigonga mara moja, kikavu, bomba likatikisika mkononi, naye akaendelea. Ilikuwa desturi, mashine hugonga vitu.

Baadaye akaona mtu ng'ambo ya mtaro amevua shati anampungia. Akadhani anaitwa na Salehe. Akazima, akageuka.

Kwenye njia, hatua kama kumi na mbili kutoka alipokuwa, mwanamke alikuwa ameketi chini kando ya mkungu wa ndizi. Kiganja kimefunika jicho la kushoto na damu inapita katikati ya vidole mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa anapiga kelele. Hilo ndilo Mikidadi alilolikumbuka kuliko yote, kwamba mama yule alikuwa amenyamaza, anamtazama kwa jicho moja, anangoja aambiwe kilichotokea.

Aliitwa Modesta, mkulima wa Matombo, ameshuka na ndizi zake alfajiri ile kwenye gari la mizigo. Mikidadi alimpakia kwenye bajaji, akaenda naye hospitali. Alikimbilia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, akaieleza ajali kwa askari, hata ile kinga hakuificha. Siku ya tatu madaktari wakaliondoa jicho. Kaka yake Modesta, Fransisko, akateremka kutoka mlimani. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na mambo mazito ya dada yanaishia mkononi mwake. Mikidadi alikuwa amejiandaa kwa lolote. Fransisko alimpa mkono, akasema dada yake hataki kesi, akaingia wodini. Hakukuwa na la zaidi.

Jioni ya siku ya ajali, Mikidadi alirudi nyumbani akafua shati lenye damu, akalianika, akaketi akala ubwabwa na maharage mpaka sahani ikaisha. Yasmin alikuwa amekaa pembeni anamtazama. Alingoja mumewe atetemeke, alie, au aseme neno. Mikidadi alinawa, akaswali, akalala, na alilala usingizi mzito. Yasmin aliniambia usingizi ule ndio uliomtisha.

Ikawa hivyo kwa miezi. Hakukonda, hakuugua, hakugombana na mtu. Binti yao mkubwa alifaulu mtihani akaja anakimbia na simu mkononi; Mikidadi alisoma, akasema vizuri, akarudisha simu. Shemeji yake alifiwa, akaenda mazishini, akachimba kaburi pamoja na wenzake, akarudi. Chakula kilikuwa chakula. Watu wa mtaani wakaanza kusema ana moyo mgumu, amemtoa mtu jicho na hata hajali. Maneno hayo yalimfikia. Aliyapima mwenyewe, kimya kimya, akaona huenda wana haki, maana akijipapasa ndani hakukuta majuto wala huzuni wala hofu. Palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa mguu huamka.

Jambo moja tu lilibadilika. Mashine hakuigusa. Salehe alimfuata baada ya wiki mbili, akamweleza kwa upole kwamba lile lingeweza kumpata yeyote, kwamba yaliyoandikwa yameandikwa, na kwamba kazi zinamngoja. Mikidadi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akaenda kunoa fyekeo la mkono. Mashine ikakaa pembeni mwa chumba imefunikwa gunia, kinga ikiwa bado ndani ya begi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mfanyabiashara mmoja wa ndizi alipita nyumbani kwake na ujumbe kutoka Matombo. Mama Modesta anamwita. Aje Jumamosi, na aje na ile mashine.

Yasmin aliona si salama. Nani ajuaye kilichopikwa huko katika miezi sita, na kwa nini mashine? Alipendekeza waende na wazee wawili wa mtaani. Mikidadi alisema ataenda peke yake. Hakusema hivyo kwa ushujaa, hakuona tofauti. Usiku wa Ijumaa aliifungua ile mashine kwenye ua, akasafisha kichujio cha hewa, akabadili plagi, akaipekua kila nati. Akaitoa kinga begini. Akaitazama kidogo, akaifunga mahali pake, akakaza skrubu mpaka mkono ukamuuma.

Asubuhi alipanda pikipiki ya kuazima, mashine ameilaza nyuma na kuifunga kwa mpira, akashika njia ya Bigwa. Baada ya Mkuyuni barabara iliharibika, mawe na makorongo, mvua za kwanza za vuli zimeshalainisha udongo mwekundu. Mara mbili alishuka akasukuma. Alipofika aliona nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya migomba na mikarafuu, na Fransisko amesimama uani, mikono nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristo," Fransisko alisema kwa mazoea, halafu akakumbuka mgeni ni Mwislamu. "Karibu. Umefika salama?"

Mikidadi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Wakaulizana koo, kwa kuwa hata wa mjini ni Waluguru, wakagundua mama mkubwa wa Mikidadi aliolewa bonde la pili. Hilo likapita. Akaletewa kigoda na maji ya kunywa.

Modesta akatoka ndani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, amejifunga khanga kifuani, jicho la kushoto limefumba na kope zimeingia ndani. Mikidadi alisimama akamwamkia. Alikuwa ametunga maneno njiani, maneno mazuri ya kuomba radhi, na alipofungua kinywa akayasema yote kwa mpangilio wake, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Modesta alimwacha amalize.

"Hayo uliyasema hospitali," alijibu. "Sikukuitia hayo. Nataka kuiona ikifanya kazi."

Akaeleza kwamba siku ile hakuiona. Alisikia mlio, akaona mgongo wa mtu, basi. Tangu hapo kila pikipiki inayopita chini barabarani inamfanya aketi. Amechoka kuogopa kitu asichokijua sura. Na isitoshe, Jumatatu ni siku ya kuwaombea marehemu, makaburi ya ukoo hayajafyekwa, na Fransisko anaumwa kiuno.

Wakapanda kwenye makaburi, juu kidogo ya nyumba, pahali pa mteremko penye misalaba tisa, mingine ya saruji, mingine ya mti. Majani yalifika magotini. Watoto wa jirani walikwisha kujaa. Witness, binti wa Fransisko, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kazi ya dukani kuisha mjini, alikuja na ndoo ya maji.

Kabla Mikidadi hajaishusha mashine begani, Modesta alimwomba amwonyeshe kitu alichokisikia kwa polisi, kile Mikidadi alichokitoa siku ile. Mikidadi akaigeuza mashine, akamwekea kidole kwenye kinga. Modesta akaipapasa, akaigonga kwa kucha.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo, mama."

"Uliitoa kwa nini?"

"Majani yalikuwa yanaganda. Nikachoka kuyakwangua."

"Kuyakwangua kunachukua muda gani?"

"Dakika moja," Mikidadi alisema. "Zikizidi, mbili."

 Modesta aliendelea kuishika kinga, kisha akatoa mkono, akaufuta kwenye khanga. Fransisko alikuwa ametazama kando, kwenye migomba.

Mikidadi akaanza kazi, na kwa nusu saa ya kwanza hakuiwasha mashine. Alikata fimbo, akapita majanini hatua kwa hatua akipekua, na kila alichokikuta alikitupa nje: mawe, chupa mbili, kichwa cha jembe la zamani, kipande cha waya wa senyenge kilichokuwa kimejizungusha kwenye msalaba. Witness alimfuata akiokota vilivyomponyoka. Kisha akahesabu hatua kutoka ukingo wa makaburi, thelathini kila upande, akachomeka vijiti, akafunga kitambaa kwenye kila kijiti. Akawaambia wote wabaki nje ya vijiti. Anayemhitaji asimjie kwa nyuma kamwe, hata kama nyumba inaungua. Azunguke aje mbele yake, asimame mbali, apunge kitambaa, angoje mlio uzime na kisahani kisimame. Akamwomba Fransisko awasimamie watoto.

Kisahani cha chuma hakukitumia. Kwa sababu ya misalaba alifunga kichwa cha uzi wa nailoni, kwa kuwa uzi ukigonga saruji unakatika wenyewe, chuma kinavunjika au kinarusha. Akavaa mabuti, suruali nzito, miwani ya kinga, na vifuniko vya masikio vilivyokuwa vipya kwa kuwa Yasmin alivinunua jana yake bila kumwambia. Petroli aliimimina mashine ikiwa imepoa, akafunga kifuniko, akafuta iliyomwagika, akaibeba mashine mbali na dumu ndipo akavuta kamba.

Ikawaka. Watoto wakaziba masikio. Mikidadi alimwangalia Modesta, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda nje ya kijiti cha chini. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti. Hakukimbia.

Akaanza kufyeka kwa kuufuata mteremko kwa ubavu, bila kupanda wala kushuka, miguu imepanuka, kichwa cha mashine kikiwa chini, akikipeleka kutoka kulia kwenda kushoto. Kila baada ya mapigo machache aliinua macho akatazama vijiti. Kaburi la kwanza likatokea, la pili. Alipoinua macho mara nyingine, kigoda kilikuwa kitupu. Modesta alikuwa amevuka kijiti, anakuja, taratibu, kichwa amekigeuza upande ili jicho lake zima liwe mbele.

Mikidadi akazima. Akangoja uzi usimame.

"Rudi, mama."

"Hapa mbali sioni vizuri. Jicho ni moja."

"Nimekusikia. Lakini ukisogea nazima."

Modesta akasimama pale pale. Fransisko alikuwa ameinuka, hajui amshike nani. 

"Siku ile ungenizimia?" Modesta aliuliza.

Mikidadi alivua miwani. Alijua jibu la siku zote, lile alilompa askari, na lilikuwa limefika mdomoni.

"Siku ile sikukuona," alisema. Kisha akaona halitoshi. "Sikukuona kwa sababu sikuangalia. Njia ilikuwa nyuma yangu, nilijua watu wanapita, sikugeuka hata mara moja."

Aliyasema bila kutetemeka, sauti kavu, na wala hakujisikia ameshusha mzigo. Yalikuwa maneno tu, ila yalikuwa ya kweli, na katika miezi sita hakuwa ameyasema kwa mtu, hata kwa Yasmin.  Upepo ulikuwa unavuruga majani ya migomba.

"Basi," Modesta alisema. Akarudi nyuma ya kijiti, akakiokota kigoda, akaketi. "Washa."

Mikidadi alimaliza saa saba. Makaburi yote tisa yalikuwa wazi, na Modesta alikaa mpaka mwisho. Mashine ilipozimwa akaomba aletewe, akaigusa injini ikiwa bado na joto, akatoa kidole upesi. Alisema ni kitu kidogo kuliko alivyofikiri. Wakala ndizi za nazi na samaki, Mikidadi akijaza sahani na kuimaliza kama alivyozoea, na ladha hakuiona. Neno la kusamehe halikutamkwa, hata wakati wa kuagana. Modesta alimwambia mwakani majani yatakuwa yameota tena.

Sitaki kumwongezea Mikidadi kitu ambacho hakikuwapo. Hakulia njiani. Alifika Mwembesongo magharibi, Yasmin akamuuliza imekuwaje, akajibu kwamba ameyafyeka makaburi. Baada ya wiki alimweleza mengine, kidogo kidogo, mpaka lile la kutogeuka, na Yasmin aliponisimulia alisema aliyapokea hivyo hivyo, huku anachambua mchele, kwa kuogopa kwamba akiinua kichwa mumewe atanyamaza.

Mashine aliirudia. Kwa Salehe alikwenda na masharti: kinga isiyofunguliwa, miwani kwa kila mfyekaji, na uwanja upekuliwe kabla ya kuwashwa. Salehe alilalamikia muda, akakubali kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuwafundisha wenzake. Vijana wanamwona Mikidadi ni mkali na baridi. Mmoja aliwahi kufungua kinga kwa sababu ya majani mabichi. Mikidadi aliichukua mashine mkononi mwake, akampa fyekeo la mkono, na kijana akafyeka nalo mwezi mzima. Hakumgombeza. Hakumweleza hata kisa. Kisa kila mtu anakijua.

Mwaka uliofuata alikwenda Matombo tena mwezi wa kumi, na safari hiyo Witness aliomba afundishwe. Mikidadi alikaa huko siku tatu. Siku ya kwanza hakumruhusu kuvuta kamba. Walipekua mawe tu, wakahesabu hatua, wakafungua na kufunga. Mtu akimuuliza ilikuwaje amfundishe binti wa nyumba ile, anajibu kwamba aliomba, na kwamba ana mikono mitulivu.

Sasa Witness ana mashine yake, ya mkono wa pili, na ndiye anayefyeka viwanja vya shule na vya misheni. Majuzi Fransisko alimpigia Mikidadi simu kushtaki. Siku ya sherehe ya watoto wa komunio, binti alikuwa hajamaliza mbele ya kanisa, na kila mtu aliyekaribia alimzimia mashine, mpaka paroko, mpaka kwaya yote na ngoma zao, wakakaa barabarani nje ya vijiti nusu saa nzima juani. Modesta alikuwa miongoni mwao. Watu walipoanza kunung'unika, yeye ndiye aliyewaambia waketi chini wasubiri.

Mikidadi alikuwa amejipumzisha kibarazani, simu sikioni, soksi zimejaa vipande vya majani. Alimuuliza Fransisko kama Witness alikuwa amevaa miwani. Akajibiwa alikuwa amevaa.

"Vizuri," alisema, akaanza kuzikung'uta soksi.